Mimea na wanyama wote wanatoa mvuke, sasa mbona hatusemi ng'ombe wanaleta mvua?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tumefundishwa kwamba mimea inatoa mvuke wa maji kwenda hewani, na wanyama pia wanatoa wakipumua na wakitoka jasho. Sasa mimi nashindwa kuelewa, kwanini mmea uhangaike kunyonya maji ardhini halafu uyamwage hewani? Na kama wanyama nao wanatoa, kwanini kila mtu anasema miti inaleta mvua, sijawahi kusikia mtu anasema ng'ombe wanaleta mvua? Halafu huo mvuke mi sijawahi kuuona, nikitaka kuuona kwa macho yangu nafanyaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la ng'ombe usiogope kuonekana umeuliza kitoto, kwangu mimi ndo swali bora kuliko yote matatu, maana mtu akiweza kulijibu hilo basi somo zima kalielewa.

Nianze na jibu lenyewe halafu nilifafanue. Mmea unapoteza maji kwasababu unatafuta hewa. Mnyama naye hivyohivyo. Kiumbe yeyote wa nchi kavu anayetaka kuingiza gesi mwilini inabidi awe na sehemu yenye majimaji ambayo hewa inaifikia, kwasababu gesi haipenyi kwenye seli mpaka kwanza iyeyuke kwenye maji, na sehemu yenye majimaji ikishafikiwa na hewa kavu lazima maji yageuke mvuke na kuondoka, hakuna namna ya kukwepa. Wa mapafu na wa majani wote wako kwenye mtego huohuo. Ila gesi wanazozitafuta ni tofauti, na hapo ndo hesabu zao zinaachana mbali sana, mbali kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na jani. Chukua jani bichi la maharage, livunje taratibu halafu uvute kwa pembeni, utaona kuna kiutando chepesi kisicho na rangi kinabaki upande wa chini. Kiweke hicho kwenye kigae cha hadubini na tone la maji. Utakachoona ni seli zimepangana, na katikati yake vitundu vingi, kila kimoja kimezungukwa na seli mbili zilizopinda na kutazamana. Vitundu hivyo vinaitwa stomata na hizo mbili ni seli walinzi. Kwenye mimea mingi stomata zinakuwa kama 100 mpaka 300 ndani ya milimita moja tu ya mraba, na mara nyingi zimejaa zaidi upande wa chini wa jani ambako jua halipigi moja kwa moja. Sehemu nyingine yote ya jani imepakwa nta na inapitisha maji kidogo sana.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mi hulipenda sana. Ukijumlisha nafasi za stomata zote zikiwa wazi unapata kama asilimia 1 au 2 tu ya eneo la jani. Ungetegemea basi maji yanayopotea yawe asilimia 1 au 2 ya yale yanayopotea kwenye beseni la maji lenye eneo hilohilo, si ndiyo? Hapana, jani linaweza kupoteza hata nusu ya beseni. Sababu ni kwamba mvuke ukishatoka kwenye kitundu kidogo hauendi juu peke yake, unatawanyika na pembeni pia kila upande, na vitundu vikiwa vidogo vilivyoachana kila kimoja kinapata nafasi yake ya kutawanya. Watafiti wawili, Brown na Escombe, walilipima hili mwaka 1900 kwa viwambo vyembamba vilivyotobolewa vitundu na wakaona ndivyo ilivyo. Kwahiyo jani limefanikiwa kupitisha gesi nyingi kwa kufungua eneo dogo sana, ila njia inayoingiza gesi vizuri ndo hiyohiyo inatoa mvuke vizuri.

Ndani ya jani kuna nafasi za hewa katikati ya seli, na kuta za seli hizo zimelowa muda wote, kwahiyo hewa ya humo ndani ina karibu asilimia 100 ya mvuke inaoweza kubeba. Nje labda kuna asilimia 50. Mvuke unatoka penye wingi kwenda penye uchache, basi. Jua likizidi tofauti inakua haraka mno, kwasababu hewa ya nyuzijoto 20 inabeba kama gramu 17 za mvuke kwa mita moja ya ujazo, lakini hewa ya nyuzijoto 30 inabeba kama gramu 30, yani karibu mara mbili. Upepo nao unafagia mvuke uliotulia juu ya jani. Ndo maana siku ya jua na upepo mmea unakauka kuliko siku ya jua lililotulia.

Mmea hauko kimya kwenye haya yote lakini. Mwanga ukipiga, seli walinzi zinavuta madini ya potasiamu ndani, maji yanayafuata, seli zinavimba na kupinda, kitundu kinafunguka. Udongo ukianza kukauka mmea unatengeneza homoni inayoitwa asidi ya absisiki, potasiamu inatoka, maji yanatoka, seli zinalegea na kitundu kinafunga. Ni suala la dakika tu. Ukipita shambani saa saba mchana ukaona majani yamelegea usidhani yamekufa, mara nyingi maji yanatoka kwa kasi kuliko mizizi inavyoleta, na jioni utayakuta yamesimama.

Umesema mmea "unahangaika" kunyonya maji, hapo nikusahihishe kidogo. Mmea hautumii nguvu zake kupandisha maji mpaka juu. Kazi hiyo inafanywa na jua. Maji yakiondoka kwenye kuta za seli za jani, yaliyobaki yanavutwa kujaza nafasi, na kwakuwa molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, mvuto huo unashuka kupitia mirija ya zailemu kutoka kwenye jani, kwenye tawi, kwenye shina, mpaka kwenye mzizi. Maelezo haya yalitolewa na Henry Dixon na John Joly kule Dublin mwaka 1894 na watu walibishana nayo sana, unaelewa kwanini, kwasababu pampu ya kawaida ya kuvuta maji kwa juu haiwezi kuzidi kama mita 10, baada ya hapo maji yanakatika. Lakini mti mrefu kuliko yote wa redwood kule California unapita mita 115 na maji yanafika kileleni kila siku. Inawezekana kwasababu mirija ni myembamba sana na haina hewa ndani, uzi wa maji unavutwa umekaza na haukatiki. Kipovu cha hewa kikiingia ndo uzi unakatika, na ukame mkali unaua miti mara nyingi kwa njia hii, mirija inajaa vipovu.

Sasa tuje kwenye hesabu, shika kalamu.

Gesi ambayo mmea unaitafuta ni kabonidayoksaidi ili utengeneze sukari. Kwenye hewa gesi hiyo ni kama asilimia 0.04 tu. Ni chache mno! Yani kwenye molekuli 10,000 za hewa nne tu ndo za kabonidayoksaidi. Mmea inabidi ufungue milango kwa masaa mengi ili upate hizo chache, na muda wote huo maji yanatoka bila kizuizi. Matokeo yake mimea ya kundi la ngano, mpunga na maharage inapoteza kama molekuli 400 za maji kwa kila molekuli moja ya kabonidayoksaidi iliyokamatwa. Mia nne kwa moja. Kwenye maji yote yanayonyonywa na mizizi kama asilimia 97 mpaka 99 yanaishia hewani, kinachobaki kwenye mwili wa mmea ni kidogo sana.

Kuna mimea imepata njia ya kubana matumizi. Mahindi, mtama na miwa wana utaratibu wa kukamata kabonidayoksaidi kwa ufanisi zaidi ndani ya jani, kwahiyo stomata hazihitaji kufunguka sana na gharama inashuka mpaka karibu nusu. Nanasi, katani na dungusi kakati wameenda mbali zaidi, wanafungua stomata usiku wakati kuna ubaridi na hewa haikauki sana, wanahifadhi kabonidayoksaidi kama asidi ndani ya seli, halafu mchana wanafunga milango na kuitumia polepole. Hawa wanapoteza molekuli kama 50 mpaka 100 tu kwa moja. Ndo maana wanavumilia jangwa, ila wanakua taratibu.

Sasa mnyama. Mnyama anatafuta oksijeni, na oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Imejaa kila mahali. Mtu mzima kwa siku anatumia kama lita 550 za oksijeni, na kwa kupumua anapoteza maji kama mililita 350 hadi 400. Ukibadilisha vyote kuwa idadi ya molekuli (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli; gawa oksijeni kwa lita 24 za moli moja, gawa gramu za maji kwa 18) unapata moli 20 na ushee kila upande. Yani molekuli moja tu ya maji kwa kila molekuli ya oksijeni!

Kwa mnyama molekuli moja ya maji kwa moja ya gesi, kwa mmea mia nne kwa moja. Hapo umeshaanza kupata jibu la ng'ombe, ila ngoja kwanza tuwatendee haki wanyama maana nao wana mambo yao.

Hewa ikiingia puani inalowanishwa na kupashwa moto njia nzima mpaka ikifika kwenye mapafu ina nyuzijoto 37 na imejaa mvuke kabisa, kama gramu 44 kwa mita ya ujazo. Ukiitoa unaondoka nao. Ngozi nayo inapitisha maji polepole hata kama hutoki jasho, kama mililita 400 kwa siku, huyahisi kabisa. Daktari mmoja wa Italia, Santorio Santorio, alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani akawa anakaa humo anapima chakula, kinywaji, mkojo na kinyesi chake kwa miaka mingi, na mwaka 1614 akachapisha kwamba mtu akila na kunywa ratili 8 kwa siku, ratili kama 5 zinapotea bila kuonekana. Leo tunajua sehemu ya uzito huo ni kaboni ya kabonidayoksaidi tunayoitoa, lakini sehemu kubwa ni maji. Karne moja baadaye Stephen Hales wa Uingereza akafanya kitu kilekile kwa alizeti, akafunika udongo wa chungu kwa bati la risasi ili maji yasitoke popote isipokuwa kwenye mmea wenyewe, akapima asubuhi na jioni. Siku ya joto kavu alizeti moja ilipoteza karibu gramu 850 mchana mmoja. Aliandika hayo mwaka 1727. Alizeti moja kwa mchana mmoja inashinda mapafu na ngozi ya mtu mzima aliyetulia siku nzima, na uzito wake mwenyewe ni mdogo mno ukilinganisha na mtu.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, sehemu ya mvuke unaoutoa hukuwahi kuyanywa maji yake. Mwili ukichoma chakula unatengeneza maji mapya, hidrojeni ya chakula inaungana na oksijeni unayoivuta. Ukichoma gramu 100 za mafuta unapata zaidi ya gramu 100 za maji. Kuna panya wa jangwa la Marekani wanaoruka kwa miguu ya nyuma, wanaitwa panya kangaruu, wanaweza kuishi kwa mbegu kavu tu bila kunywa kabisa kwasababu ya maji hayo, na pua zao ni nyembamba na za baridi kiasi kwamba hewa inayotoka inapoa na kuacha maji yake ndani kabla haijafika nje. Ngamia naye ana ujanja huo. Mtafiti Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walionesha kwamba ngamia mwenye kiu usiku anaweza kuokoa zaidi ya nusu ya maji ambayo yangetoka na pumzi yake, na mchana anaacha mwili upande joto kutoka kama nyuzi 34 hadi 40 badala ya kupoteza maji kwa kujipoza.

Maana hapo kuna kazi ya pili ya mvuke, kupoza. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwenye joto la mwili kunahitaji joto la kama megajuli 2.4, na joto hilo linachukuliwa kwenye ngozi. Binadamu tuna tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na mtu akifanya kazi ngumu juani anaweza kutoa lita moja mpaka mbili kwa saa. Jasho linalodondoka chini halikupozi, limepotea bure, linalokupoza ni lile linalokauka mwilini, ndo maana siku ya unyevunyevu mwingi unalowa na joto liko palepale. Mbwa hawezi kutegemea jasho, anahema ulimi nje, hewa inapita haraka juu ya sehemu zilizolowa. Ndege hawana tezi za jasho kabisa, wanaachama mdomo na wengine wanatikisa ngozi ya koo. Nguruwe tezi zake hazimsaidii chochote kwahiyo anajigaragaza kwenye tope, na tope ni bora kuliko maji matupu kwasababu linakaa na unyevu muda mrefu zaidi. Chura ndo mwenye hali ngumu, ngozi ya vyura wengi haizuii maji, inakauka karibu sawa na maji yaliyo wazi, kwahiyo mchana atajificha penye unyevu.

Nyuki inabidi niwataje maana hawa wanatoa mvuke kwa makusudi kabisa. Nekta ya maua mara nyingi ni maji kwa asilimia 70 hivi, na asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20. Tofauti hiyo lazima itoke hewani. Nyuki anaitoa nekta tumboni na kuitandaza mdomoni mwake tone kwa tone, anaiweka kwenye masega utando mwembamba, afu kundi zima linapepea mabawa usiku kucha kutoa hewa yenye mvuke nje ya mzinga. Kwa kila kilo moja ya asali kama kilo moja na robo tatu ya maji imeondoka kama mvuke. Usiku wa msimu wa maua simama karibu na mzinga utasikia mvumo, ndo hiyo kazi.

Haya, ng'ombe na mvua.

Bahari ndo inaongoza, inatoa zaidi ya kilomita za ujazo 400,000 za maji kila mwaka kwa mvukizo. Nchi kavu inatoa kama 70,000, na humo mimea peke yake ina zaidi ya nusu, tuseme 40,000 kwa mahesabu ya haraka. Sasa watu tuko bilioni 8. Kila mmoja mpe lita moja ya mvuke kwa siku, kwa mwaka mzima dunia nzima inakuja kama kilomita 3 za ujazo. Tatu! Ng'ombe wako kama bilioni moja na nusu, tuwape lita 20 kila mmoja kwa siku bila ubahili, tunapata kilomita 11. Watu na ng'ombe pamoja 14, dhidi ya 40,000 za mimea. Hata sehemu moja kwa elfu haifiki. Ongeza mbuzi, kondoo, wanyama wote wa porini na wadudu, picha haibadiliki. Sababu ni ile ya mia nne kwa moja, na juu yake kuna wingi wenyewe, mimea imefunika nchi na eneo la majani ni kubwa mara kadhaa kuliko ardhi iliyo chini yake.

Tena kuna tofauti nyingine, mizizi. Udongo mtupu unakauka sentimita chache za juu halafu unanyamaza, maji ya chini hayana njia ya kutoka. Mti unayafuata mita nyingi chini na unaendelea kuyatoa hewani hata miezi ya kiangazi. Ng'ombe hana uwezo huo, yeye anachukua maji yaliyo juu tayari, na mengi anayarudisha chini kama mkojo na mavi.

Lakini usije ukaenda kumwambia mtu kwamba ukipanda mti nyumbani mvua itanyesha nyumbani. Mvuke ukishatoka unakaa hewani kwa wastani wa siku 8 mpaka 10 kabla haujanyesha, na ndani ya siku hizo upepo unaupeleka mbali. Mfano uliochunguzwa sana ni msitu wa Amazon kule Amerika Kusini. Maji yana aina mbili za oksijeni, nyepesi na nzito, na wingu likinyesha ile nzito inatangulia kushuka, kwahiyo ungetegemea mvua iwe nyepesi zaidi kadiri unavyotoka Atlantiki kuingia ndani ya bara. Eneas Salati wa Brazil na wenzake walipima miaka ya 1970 wakakuta inapungua kidogo sana, maana yake msitu unayarudisha maji hewani kila mara yakinyesha, nayo yananyesha tena mbele, na walikadiria kwamba karibu nusu ya mvua ya bonde lile inatokana na mzunguko huo. Upepo ukigonga milima ya Andes unageuka na kupeleka mvuke kusini mpaka mashamba ya mbali kabisa na msitu. Wabrazil wanaiita mito inayoruka na mi naona ni jina sahihi.

Kwa eneo dogo hali inaweza kuwa kinyume. Mti hautengenezi maji, unayahamisha. Kule Mokobulaan Afrika Kusini walipanda mikaratusi kwenye bonde dogo lililokuwa na nyasi, na kabla miaka 10 haijaisha kijito cha bonde lile kilikauka kabisa kwasababu mikaratusi ilikuwa inavuta maji mengi kuliko nyasi. Kwahiyo kabla ya kupanda uliza ni mti gani, unapandwa wapi na chini yake kuna maji kiasi gani. Mi hili linaniuma nikiona watu wanapanda mti wowote popote, hasa kwenye chanzo cha maji, wakidhani wanaongeza maji.

Kile ambacho mti unafanya papo hapo bila ubishi ni kupoza. Mti uliotoa lita 100 kwa siku, na mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza, umechukua joto sawa na uniti 68 za umeme. Ndo maana chini ya mti kunapoa kuliko chini ya bati. Bati linazuia jua lakini lenyewe linachemka na kukurudishia joto, jani likiwa na maji halichemki.

Sasa kuuona. Kwanza jua kwamba mvuke wenyewe hauonekani kabisa, ni gesi. Ule moshi mweupe unaotoka mdomoni wakati wa baridi ni matone madogo ya maji, mvuke umeshapoa. Na matone ya asubuhi usiyachanganye. Ukikuta matone yamejipanga kwenye ncha na kingo tu za jani la mahindi au la nyanya, huo si umande na si mvuke wa jani uliopoa, ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku stomata zikiwa zimefunga, yakatokea kwenye vitundu maalum vya ukingoni, na yakikauka mara nyingi yanaacha alama nyeupe ya chumvi. Umande unalowesha jani zima, na mawe pia.

Ukitaka mvuke wa jani wenyewe, tafuta mifuko miwili ya plastiki inayoonesha ndani, mikavu kabisa. Asubuhi jua likishapanda valisha mmoja kwenye kitawi chenye majani mengi, ufunge shingo kwa kamba ibane vizuri. Mwingine valisha kitawi cha mti huohuo ambacho umekipukusa majani yote. Ndani ya nusu saa hivi ule wa kwanza utakuwa na ukungu, baada ya saa mbili tatu kuna matone yanateremka na kukusanyika kwenye kona. Wa pili utakuwa karibu mkavu. Bila huo wa pili mtu anaweza kukuambia unyevu ulikuwa tayari kwenye hewa ya ndani ya mfuko, kwahiyo usiuache.

Afu kama una mafuta ya mgando, chuma majani manne yanayolingana ya mmea mmoja, ziba mkato wa kikonyo kwa mafuta yote manne. La kwanza pake pande zote, la pili juu tu, la tatu chini tu, la nne usipake. Yaning'inize kwenye uzi kivulini na uyapime kwa mizani ndogo kama ipo, kama haipo yaangalie tu siku mbili tatu. La nne litanyauka kwanza. Ukiona na lile lililopakwa juu tu limenyauka karibu sambamba nalo, huku lililopakwa chini bado bichi, basi stomata za mmea wako ziko upande wa chini. Jaribu na majani ya nyasi kama mahindi, hayo stomata ziko pande zote mbili na mpangilio wa kunyauka utakuwa tofauti.